Prosesa Iliyolala Miezi Minne: kisa cha kompyuta ya soketi mbili mjini Kisumu

Kisa hiki ni cha mwaka 2024. Mwenye ofisi ameniruhusu nikisimulie ili mafundi wenzangu wajifunze, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake, la muuzaji wala la fundi aliyenitangulia. Nimebadilisha mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu. Mambo ya kiufundi nimeyaacha yalivyokuwa, pamoja na yale yanayonitia aibu mimi mwenyewe.

## Usuli

Ofisi hii ni ya wapima ardhi, watu sita, ghorofa ya pili, dirisha likitazama upande wa ziwa. Kazi yao ya asili ni mipaka ya viwanja na kugawa mashamba ya urithi, ile kazi inayotaka chuma, kamba na moyo wa kuwasikiliza ndugu wakigombana. Miaka ya karibuni wamenunua droni. Sasa wanapiga picha za angani kule tambarare ya Kano, kwa wakulima wa mpunga wa upande wa Ahero wanaotaka kujua maji yanatuama wapi, na kwa wanaohitaji ramani za maeneo ambayo mto Nyando huyafurika.

Kurusha droni ni kazi ya asubuhi moja. Mzigo huja baadaye, picha elfu moja na zaidi zinapotakiwa kuunganishwa ziwe ramani moja yenye vimo. Programu ya kuziunganisha hulinganisha kila picha na jirani zake, ikatafuta alama zinazofanana, ikakokotoa mamilioni ya nukta. Kompyuta yao ya zamani ilikuwa ikilala na kuamka juu ya kazi moja.

Wakaamua kununua kompyuta ya kazi nzito iliyokwishatumika ng'ambo, kutoka kwa muuzaji wa Nairobi. Nimeiona oda waliyoiandika. Ni mistari minne: prosesa mbili za Xeon E5-2680 v4, RAM GB 64, diski ya SSD ya TB 1, kadi ya picha yenye GB 8. Mwishoni wakaongeza "iwe na Windows". Maneno hayo matatu ndiyo kiini cha kisa chote.

Kwa asiyezifahamu prosesa hizo, ni za mwaka 2016. Kila moja ina viini 14, yaani vitengo vya kukokotoa vilivyo ndani yake, na kila kiini huendesha nyuzi mbili za kazi kwa wakati mmoja. Prosesa mbili kwa hiyo ni viini 28 na nyuzi 56. Ni mashine ya zamani kidogo, lakini kwa bei ya mitumba ni nguvu nyingi kwa shilingi chache.

## Yaliyotokea kabla sijaitwa

Kompyuta ililetwa na basi la usiku, ikiwa imefungwa kwa blanketi. Ikawashwa, ikawaka, kila mtu akafurahi. Kazi ya kwanza ilikwenda haraka kuliko kwenye mashine ya zamani, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kama ilikwenda haraka inavyopaswa.

Miezi minne ikapita hivyo. Shaka iliingia kwa njia ya mazungumzo tu. Mwenye ofisi alikutana na mpima mwenzake wa Nakuru ambaye ana kompyuta yenye prosesa zilezile, mbili vilevile. Wakalinganisha. Kazi ya picha kama 1,400 ilimchukua mwenzake saa 13 hivi. Ya Kisumu ilichukua saa 21.

Fundi wa kwanza akaitwa. Alifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha hali ya mashine, akaona "Sockets: 1" (soketi, yaani tundu la kuchomekea prosesa), "Cores: 14" (viini) na "Logical processors: 28" (nyuzi). Akasema prosesa moja haifanyi kazi, na hapo alikuwa sahihi. Akafungua mashine, akatoa prosesa zote mbili, akafuta mafuta ya joto yaliyokauka, akapaka mapya. Akajaribu moja peke yake katika soketi ya kwanza, ikawaka. Akajaribu ya pili katika soketi hiyohiyo, nayo ikawaka. Akazirudisha zote mbili, akawasha. Bado moja.

Kisha akaingia kwenye msconfig, programu ya mipangilio ya Windows, sehemu ya kuwasha mashine, akaweka tiki kwenye kisanduku cha idadi ya prosesa na kuchagua namba kubwa kuliko zote aliyoikuta, 28. Haikubadilisha kitu. Uamuzi wake ulikuwa kwamba soketi ya pili kwenye ubao mama imekufa, na ubao mwingine ungegharimu Sh 38,000 pamoja na kazi.

Muuzaji alipopigiwa alisema mashine ilitoka kwake ikiwa nzima, na kama kuna aliyeifungua basi dhamana imekwisha. Hapo ndipo mwenye ofisi aliponipigia. "Mwalimu," akaniambia, maana niliwahi kumfundisha mpwa wake, "njoo uniambie kama nimeuziwa mbuzi kwenye gunia."

## Siku yangu ya kwanza pale

Nilifika saa tatu asubuhi na nikaanza vibaya. Nilishasikia habari ya ubao mama kwenye simu, nikaingia nikiwa nimekwishaiamini nusu. Nikapoteza karibu saa mbili nikihamisha vijiti vya RAM. Kwenye bodi za namna hii kila prosesa ina nafasi zake za RAM, na vijiti vya upande wa prosesa ya pili havionekani kabisa kama prosesa hiyo haipo au imekufa. Nilitafuta kijiti kibovu. Hakikuwepo.

Nilipochoka kuinama nikafanya nilichopaswa kuanza nacho: nikaingia BIOS, programu iliyo kwenye ubao mama inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Ukurasa wa kwanza uliziorodhesha prosesa mbili, kila moja na jina lake kamili, na RAM GB 64 zote. Soketi iliyokufa haiwezi kuonyesha RAM inayoning'inia juu yake. Fundi aliyenitangulia hakuingia humo kwa sababu mashine iliwekwa iwake haraka, nembo inapita kabla hujabonyeza kitufe.

BIOS huona mengi, ila haiyafanyishi kazi. Nilitaka ushahidi wa prosesa zikitoka jasho. Nina flashi ya Ubuntu, mfumo wa Linux unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, ambayo haikosi mfukoni. Nikawasha kompyuta kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, nikafungua dirisha la amri, nikaandika lscpu, amri inayoorodhesha prosesa. Mistari miwili ilitosha:

CPU(s): 56
Socket(s): 2

Nikazipa nyuzi zote 56 kazi ya kukokotoa kwa dakika kumi. Feni zilianza kuvuma kama upepo wa ziwani jioni, na karani akanyanyua kichwa kwenye meza yake. "Hiyo sauti hatujawahi kuisikia," akasema. Miezi minne, na feni ya prosesa ya pili ilikuwa haijawahi kupata sababu ya kukimbia.

Kwa hiyo vyuma vilikuwa vizima. Nikarudi kwenye Windows, nikaandika winver, amri inayotaja toleo la Windows. Windows 10 Home.

Na kulikuwa na dalili nyingine iliyokaa machoni pa wote muda wote huo. Kona ya chini kulia ya skrini palikuwa na maneno ya kijivu yanayokuomba uiwezeshe Windows kwa leseni. Karani alikuwa amebandika karatasi ya njano palepale, yenye namba ya simu ya mtu wa maji. Nilipoibandua, maneno yakatokea. "Hayo yalikuja na kompyuta," akasema, kama mtu anayezungumzia mkwaruzo wa rangi.

## Kwa nini Home ilificha prosesa

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu mafundi wengi wazuri hawalijui jambo hili.

Windows huuzwa kwa matoleo, na kila toleo lina mpaka wa idadi ya prosesa litakazozitumia. Windows 10 Home hutumia soketi moja. Pro hutumia mbili. Pro for Workstations hutumia nne. Mpaka huo si mgeni: Windows XP ya mwaka 2001 ilikuwa nao, Home prosesa moja na Professional mbili, na Windows 7 ya mwaka 2009 ikauendeleza. RAM nayo ina mipaka yake. Home ya Windows 10 huishia GB 128, Pro TB 2.

Linalowachanganya watu ni kwamba kinachohesabiwa ni soketi, viini havihesabiwi hivyo. Prosesa zenye viini zaidi ya kimoja zilipokuwa zinakuja, Microsoft ilitangaza Oktoba 2004 kwamba kwenye leseni zake prosesa moja itahesabiwa moja hata ikiwa na viini vingi. Ndiyo maana Home haina neno na kompyuta yenye prosesa moja ya viini 16, lakini ikiwekwa kwenye mashine ya prosesa mbili za viini vinne vinne itaiacha mojawapo bila kazi. Mtu aliyezoea kuhesabu viini ataona haileti maana. Haihusiani na nguvu ya mashine hata kidogo, ni mpangilio wa biashara.

Na haikuambii. Hakuna onyo, hakuna alama nyekundu kwenye orodha ya vifaa. Mashine inawaka, kazi inakwenda, na prosesa ya pili inakula stima kidogo ya kukaa tu. Ni sawa na kuajiri vibarua wawili, mmoja akawa anakaa kivulini kila siku kwa sababu jina lake halimo kwenye karatasi ya msimamizi.

Je, Home ilifikaje humo? Nadhani kwa njia ya kawaida ya maduka yenye haraka: diski moja iliyotengenezwa tayari hunakiliwa kwenye kila kompyuta inayotoka, ya kupakata au ya kazi nzito, bila kutazama kilicho ndani ya mashine. Kwa kompyuta ya kupakata haina madhara. Kwa hii ilikuwa nusu ya thamani.

## Njia zilizokuwepo na kwa nini tulichagua ile

Tulikaa na mwenye ofisi, chai mezani, tukazipima.

Ya kwanza aliileta kijana wa ofisini: kuna programu ya kuvunja leseni, mtu wa Kondele anaiweka kwa Sh 500. Niliikataa, na sikuikataa kwa utakatifu. Programu hizo hutaka kwanza uzime kinga ya virusi, na kompyuta hii ina ramani za mashamba ya watu. Isitoshe, nyingi huigiza seva ya leseni za makampuni, na uwezeshaji wa namna hiyo hudumu siku 180 kisha lazima ufanywe upya. Ofisi ingenipigia tena baada ya miezi sita.

Ya pili, kuhamia Linux. Ubuntu haina matoleo yenye mpaka wa soketi, na flashi yangu ilikuwa imekwishaonyesha hivyo. Kwa kuunganisha picha ingefaa. Lakini programu yao ya kuchora ramani za viwanja ni ya Windows pekee, na hakuna aliyetaka kuwasha mashine upya kila mara anapohama kutoka kazi hii kwenda ile.

Ya tatu, Windows Server, wazo la jamaa mmoja kwenye simu. Tangu toleo la 2016 leseni ya Server huhesabiwa kwa viini, na mashine yao ina 28. Wazo likafia hapo.

Ya nne, kulipia kupanda kutoka Home hadi Pro. Kwenye duka la Microsoft la Marekani bei ya kupanda wakati huo ilikuwa dola 99. Lakini unapanda kutoka Home iliyo halali, na yetu haikuwa imewezeshwa kamwe. Ingebidi kununua Pro kamili, dola 199.99.

Kabla ya mtu kutoa pesa nikakumbuka jambo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji wakubwa wa kompyuta huweka ufunguo wa leseni ndani ya BIOS yenyewe. Kompyuta za kazi nzito kwa kawaida hazitoki kiwandani na Home. Nikafungua PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, kama msimamizi, nikauliza:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKeyDescription

Jibu likaja na maneno "Professional OEM:DM". Nikaondoa neno Description mwishoni, nikarudia, ufunguo wenyewe ukatoka, herufi na namba 25.

Yaani leseni ya Pro ilikuwa ndani ya mashine tangu kiwandani. Ilivuka bahari nayo, ikapanda basi la Kisumu nayo. Mwenye ofisi alicheka kwanza, kisha akakasirika, kisha akauliza kama kweli hatalipa kitu. Leseni ya namna hiyo hufungwa kwenye ubao mama, na inakwenda na mashine popote iendapo. Hapa ndipo nilipoona jinsi tulivyoponea chupuchupu: angekubali kubadilisha ubao mama kwa Sh 38,000, angeitupa leseni ya Pro pamoja na ubao wa zamani, na Home ingeendelea kuificha prosesa ya pili kwenye ubao mpya vilevile.

## Kupanda toleo, na mtego wa pili

Nilinakili kwanza faili zote za kazi kwenye diski ya nje. Kupanda toleo hakufuti kitu, lakini sina mazoea ya kuijaribu bahati kwa faili za mtu mwingine. Kisha nikafungua sehemu ya uwezeshaji, nikabadilisha ufunguo, nikaingiza ule wa BIOS. Mashine ikazunguka, ikajizima, ikawaka. winver ikasema Pro. Maneno ya kijivu kwenye kona yakatoweka.

Nikafungua Task Manager mbele ya ofisi nzima. Logical processors: 28.

Kimya. Kijana wa Sh 500 akanitazama kwa jicho la nilikwambia.

Ilinichukua kama robo saa. Niliandika bcdedit, amri inayoonyesha mipangilio ya kuwasha Windows, kwenye dirisha la amri na kusoma orodha mstari kwa mstari, na mwishoni kabisa pale: numproc 28. Ile tiki ya msconfig. Watu wengi hudhani kisanduku kile huongeza prosesa. Kazi yake ni kupunguza tu, kwa ajili ya wanaojaribu programu zao kwenye mashine dhaifu. Usipokigusa, Windows huchukua zote inazoruhusiwa. Ukiweka 28, umeiambia isivuke 28 hata ikipewa ruhusa ya zaidi. Wakati fundi anaiweka haikuwa na athari, kwa kuwa Home yenyewe iliishia hapohapo. Tulipoondoa ukuta wa kwanza tukagonga wa pili uliojengwa wakati wa kutengeneza.

Nikaifuta kwa amri bcdedit /deletevalue numproc, nikawasha upya. Sockets: 2. Cores: 28. Logical processors: 56. Visanduku vidogo vikajaa skrini. Tukapeana mikono, nikala samaki kwa hesabu ya ofisi, nikaenda zangu.

Saa tano usiku simu ikalia. Walikuwa wameiachia kazi ya picha 1,400 wakati wa kufunga ofisi. Mlinzi alisikia mlio mrefu kutoka ndani, kisha kimya.

## UPS

Asubuhi nikaikuta kompyuta imezima na UPS, kile kifaa chenye betri cha kushikilia kompyuta umeme ukikatika, ikiwaka taa nyekundu. Ilikuwa UPS ya VA 650. Kifaa cha ukubwa huo hubeba wati kama 360 hadi 390, tegemea aina. Kila prosesa ya E5-2680 v4 imekadiriwa wati 120. Kwa miezi minne moja ilikuwa ikilala, na mzigo wote, pamoja na kadi ya picha, diski na skrini, ulikaa chini ya uwezo wa UPS. Tulipoiamsha ya pili, mzigo ukapanda ukapita, UPS ikapiga kelele ya kuzidiwa, ikakata.

Hili lilikuwa kosa langu, halina mwingine wa kulibeba. Nilipofanya jaribio la flashi, zile dakika kumi za feni kuvuma, kompyuta ilikuwa imechomekwa moja kwa moja ukutani kwa sababu nilikuwa nimeihamishia mezani ili niifungue. Sikuwahi kuijaribu na mzigo kamili mahali inapokaa kila siku. Kazi iliyokuwa imefika katikati ilipotea. Data za droni zilikuwa salama.

Wakanunua UPS ya VA 1,500. Nilipendekeza pia kompyuta itolewe kwenye ile kabati ya meza yenye mlango, maana joto la Kisumu mchana linajulikana, na sasa kuna prosesa mbili zinazopumua.

## Matokeo

Kazi ileile ya picha 1,400 ilimalizika kwa saa 13 na nusu kutoka 21. Mwenye ofisi alikuwa ametarajia nusu, saa kumi na nusu, na aliniuliza kama kuna kitu kingine kimefichwa.

Hakuna. Uunganishaji wa picha una hatua nyingi, na si zote zinazogawika. Kutafuta alama kwenye kila picha hugawika vizuri, kila uzi unachukua picha yake. Lakini kuna hatua ambapo hesabu moja husubiri jibu la nyingine, na hapo uzi mmoja hufanya kazi huku 55 zikitazama. Hatua nyingine hubebwa na kadi ya picha, ambayo haikubadilika. Tena prosesa mbili zina RAM zilizogawanywa, na prosesa inaposoma data iliyo upande wa mwenzake husubiri kidogo zaidi. Ukilinganisha na yule wa Nakuru, tofauti ni nusu saa, na sikuona sababu ya kuifukuza.

Gharama: Sh 0 kwa leseni, bei ya UPS mpya, na malipo yangu ya siku moja. Nusu siku ya pili, ya UPS, sikuitoza.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni flashi ya Ubuntu. Kwa dakika tano ilitenga vyuma na programu. Kama mfumo mmoja unaona prosesa moja na mwingine, juu ya mashine ileile, unaona mbili, huna haja tena ya bisibisi. Ningeianza nayo ningeokoa saa mbili za kuhamisha RAM. Sasa naianza nayo kila mara vyuma vinapotuhumiwa.

Fundi wa kwanza nisimseme vibaya kupita kiasi. Jaribio lake la kubadilishana prosesa lilikuwa zuri, na lilithibitisha kwamba prosesa zote mbili ni nzima. Aliteleza kwenye hatua iliyofuata. Baada ya kuondoa prosesa kwenye orodha ya watuhumiwa aliona amebaki mmoja tu, ubao mama, kwa sababu Windows haikuwa kwenye orodha tangu mwanzo. Kwake Windows ni Windows. Na aliacha tiki ya msconfig bila kuirudisha wala kumwambia mtu. Jaribio lililoshindwa linapaswa kurudishwa lilivyokuwa kabla ya kujaribu jingine, la sivyo mtu anayekufuata anatengeneza mashine mbili kwa wakati mmoja, ya kiwandani na ya kwako.

Muuzaji alileta kila alichoandikiwa. Prosesa mbili zilikuwepo, RAM ilikuwepo, Windows ilikuwepo. Isipokuwa kwamba Windows yenyewe haikuwa na leseni, oda ilitimizwa. Ndiyo maana sikumshauri mwenye ofisi aende kugombana Nairobi. Oda ingesema "Windows 10 Pro, iliyowezeshwa kwa leseni ya mashine", mazungumzo yangekuwa tofauti. Na siku ya kupokea, mtu angefungua Task Manager kwa nusu dakika akasoma namba tatu, akazilinganisha na oda.

Upande mmoja tulibahatika tu. Nyuzi zao ni 56. Windows huzipanga nyuzi kwenye makundi yasiyozidi 64 kila moja, utaratibu ulioanza na Windows 7, na programu ya zamani isiyojua makundi hutumia kundi moja tu. Wangenunua E5-2695 v4 mbili, zenye viini 18 kila moja, wangepata nyuzi 72, na Windows 10 Pro ingezigawa makundi mawili. Hapo tungepanda toleo, tungeona soketi mbili kwenye skrini, na programu isiyojua makundi bado ingefanya kazi na nusu ya mashine. Anayenunua mashine kama hizi aulize programu yake kabla ya kuongeza viini.

Kwa ofisi nyingine inayonunua leo, ningependekeza kwanza mashine ya prosesa moja yenye viini 16. Haina habari ya RAM iliyogawanywa, hula stima kidogo, na hata Home ingeitumia yote. Mashine ya soketi mbili ina maana pale bei ya mitumba inapokuwa nzuri kweli, au pale unapohitaji RAM nyingi kuliko prosesa moja inavyobeba.

Limebaki moja ambalo halikuwa kwenye mazungumzo ya 2024. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na E5-2680 v4 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Tumeiandikisha mashine kwenye masasisho ya ziada ya usalama hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo tumekubaliana itatolewa kwenye mtandao, iwe inapokea picha kwa diski ya nje na kutoa ramani kwa diski hiyohiyo. Ile UPS ya VA 650 haikutupwa. Inashikilia ruta na kamera ya mlangoni.